"Baba asiambiwe": uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa Kimeksiko katika wiki zake za mwisho, Los Angeles

Mzee wa miaka 74, mzaliwa wa Zacatecas, Meksiko, anafikishwa hospitali mashariki mwa Los Angeles. Macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na ana maumivu yanayoanzia chembe cha moyo na kutokeza mgongoni. Ameishi Marekani zaidi ya miaka 40, ana ukaazi wa kudumu na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na ana kisukari cha muda mrefu. Lugha yake ni Kihispania. Kiingereza chake ni cha kazini: anaelewa maagizo, haelewi maelezo. Picha za CT zinaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa kwenye ini. Kabla daktari hajaingia chumbani na majibu, binti mkubwa anamdaka koridoni: "Daktari, tafadhali, baba asiambiwe. Akilisikia neno kansa atakata tamaa, atakufa kabla ya siku zake."

Mgonjwa huyu si mtu mmoja. Kisa kimesukwa kutokana na hali zinazojirudia katika wodi na nyumba za watu, ili hatua moja moja ziweze kupimwa. Msomaji aliye muuguzi au msaidizi wa wagonjwa Marekani, na wapo wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, huenda amekwisha kutana na binti huyu.

Daktari alikubali. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya utamaduni, akafundishwa kwamba kwa Wahispania, yaani watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, familia ndiyo huamua, na kwamba jambo hilo lina jina: familismo. Kwa siku 9 mzee aliambiwa ana "uvimbe" na "ini limechoka". Aliwekewa kijibomba kwenye mrija wa nyongo, njano ikapungua, mwasho ukatulia, na watoto wakazidi kuamini kwamba kunyamaza kunafanya kazi.

Kosa la namna hii ni gumu kulikemea kwa sababu limevaa nguo za heshima. Daktari anayebwata habari mbaya mbele ya mgonjwa asiyejiandaa hulaumiwa na kila mtu. Anayefuata kitini cha utamaduni bila kumuuliza mgonjwa husifiwa kwa usikivu, ilhali wote wawili wamemwamulia mzee kabla hajafungua kinywa.

Takwimu zinazotajwa mara nyingi kutetea ukimya zinatoka kwenye utafiti uliochapishwa 1995 katika JAMA, jarida la tiba la Marekani. Uliwahoji wazee 800 wa Los Angeles, 200 kutoka kila moja ya jamii nne. Kati ya wenye asili ya Meksiko, 65% waliona mgonjwa aambiwe kwamba saratani yake imesambaa, dhidi ya 87% ya wenye asili ya Ulaya. Walipoulizwa kama mgonjwa aambiwe kwamba ugonjwa utamuua, ni 48% dhidi ya 69%. Kuhusu nani aamue juu ya mashine za kurefusha uhai, 41% ya wenye asili ya Meksiko walisema mgonjwa mwenyewe, dhidi ya 65%. Tofauti ipo, na si ndogo. Lakini itazame ile 48% kwa makini: karibu nusu ya wazee wa Kimeksiko walitaka mgonjwa aambiwe ukweli wote. Takwimu ya jamii haimwambii daktari upande alioko mzee aliyelala mbele yake. Inamwambia tu kwamba hawezi kukisia.

Kuuliza bila kutoboa

Siku ya 10 timu ya tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, iliitwa. Jambo la kwanza haikuwa kumwendea mzee, bali kukaa na binti. Hakuambiwa kwamba sheria inamlazimu daktari kusema. Kwanza si kweli, maana mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kujua na pia haki ya kukataa kujua. Pili, tishio la sheria linafunga mlango. Aliulizwa maswali matatu: Unaogopa nini hasa kitatokea akijua? Unadhani yeye mwenyewe anahisi nini? Katika familia, mtu wa mwisho kuugua sana aliambiwaje? Katika swali la tatu ndipo ilipotoka habari ya shangazi aliyeambiwa na daktari akiwa amesimama mlangoni kwamba "hakuna cha kufanya tena", akafa baada ya wiki 3. Kumbe alichokuwa anakikinga binti ni namna ya kusema, si ukweli wenyewe.

Baada ya hapo aliahidiwa jambo moja dogo analoweza kulishika: hakuna atakayemwaga habari. Mzee ataulizwa anataka kujua kiasi gani, na jibu lake litafuatwa. Binti alikubali, kwa sharti kwamba neno "cáncer" lisitangulie kutoka kwa daktari.

Mkalimani aliitwa, wa hospitali, aliyefunzwa. Hadi siku hiyo binti ndiye aliyekuwa akitafsiri, na "tumor" ya daktari ilikuwa ikimfikia baba kama "bolita", yaani kijidonge kidogo. Haki ya mkalimani bila malipo inatoka kwenye Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ikaimarishwa na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010. Kanuni zake zinakataza kumtumia mtoto mdogo kutafsiri isipokuwa kwa dharura ya uhai. Mkalimani alipewa dakika 5 kabla ya kuingia chumbani: mada ni nini, neno gani lisitangulie, nani atakuwepo. Alikaa kando ya mzee, nyuma kidogo, ili daktari na mgonjwa watazamane. Jambo moja huchelewa mno kuulizwa au halikumbukwi kabisa: Kihispania ndicho lugha ya mgonjwa? Kwa mzee huyu ndicho. Lakini California ina wahamiaji wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kimixteko au Kizapoteko, na wengine kutoka Guatemala huzungumza Kimam au Kik'iche'. Hao huitikia kwa kichwa kwa adabu mbele ya Kihispania kilekile wanachokielewa nusu.

Daktari alimwita Don, neno la heshima, pamoja na jina lake la kwanza, na mkalimani akatumia "usted", yaani "wewe" ya heshima, siyo "tú". Kumwita mzee huyu "tú" ni sawa na kijana kumpita babu yake bila shikamoo. Yalitangulia mazungumzo ya dakika chache kuhusu Zacatecas na mvua. Si kupoteza muda: anayeingia moja kwa moja kwenye ugonjwa huonekana mkavu, na kwa mtu mkavu hakuna anayefungua moyo. Kisha swali:

"Don, wapo watu wanaopenda kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wao. Wapo wanaotaka kujua mambo makubwa tu. Na wapo wanaosema: zungumza na wanangu, mimi niacheni nipumzike. Wewe ni wa namna gani?"

Swali hili halina neno la kutisha ndani yake, na kila jibu ni la heshima. Linaulizwa mgonjwa akiwa peke yake, kisha mbele ya familia, kwa sababu majibu huweza kutofautiana. Mzee alinyamaza kitambo, akauliza kama binti yuko mbali. Alipohakikishiwa, akasema amejua tangu macho yalipogeuka rangi, kwani kaka yake alikufa hivyohivyo. Alikuwa akinyamaza kwa ajili ya watoto. "Wao hawawezi," akasema.

Pande zote mbili zilikuwa zikilindana kwa kimya kilekile, na kila upande ulikuwa peke yake. Hali hii ni ya kawaida kiasi kwamba inafaa kuitarajia.

Mzee alitaka kujua mambo mawili tu: kama atafika Desemba 12, sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe, na kama maumivu yataweza kushikwa. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Jibu la kwanza lilikuwa la wazi bila kuwa na tarehe: muda unaonekana kuwa wa wiki, pengine miezi michache, na madaktari wanahofia Desemba iko mbali. La pili: ndiyo. Kemotherapi ilielezwa, akaikataa. Maelezo mengine yote, akasema, apewe binti mkubwa, na yeye ndiye aseme kwa niaba yake akishindwa. Hilo liliandikwa kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na namba ya mkalimani, na hati ya kumteua msemaji wa matibabu ikasainiwa siku hiyohiyo. Faili lisiposema hivyo, daktari wa zamu ya usiku huanza upya.

Maneno yanayoteleza

Kikao cha familia kilileta watu 11. Chumba kilichotengwa kilikuwa na viti 6, jambo linaloweza kuepukwa kwa swali moja la simu. Kikao chenye mkalimani kihesabiwe dakika 60 hadi 90, maana kila sentensi husemwa mara mbili. Mke wa mzee alipewa nafasi kwanza, kisha kaka yake mwingine, kisha watoto kwa umri. Mtoto mmoja alikuwa Meksiko, hawezi kuvuka mpaka, akaunganishwa kwa simu ya video. Asiyekuwepo, akiachwa nje, ndiye mara nyingi hupiga simu wiki ya mwisho akidai kila mashine iwashwe. Hatia ya umbali huzungumza kwa sauti kubwa.

Maneno manne yalihitaji uangalifu.

"Hospicio" ni la kwanza. Mkalimani asiyezoea huitafsiri "hospice", huduma kwa mgonjwa anayekaribia mwisho, hivyo, na kwa mzee wa Zacatecas neno hilo ni nyumba ya yatima na mafukara. Jengo maarufu la Hospicio Cabañas huko Guadalajara lilikuwa hivyo kweli, kabla halijafanywa kituo cha utamaduni. Binti aliposikia "hospicio" alidhani baba anatupwa. Ni afadhali kueleza kitu chenyewe: muuguzi anakuja nyumbani, dawa zinaletwa nyumbani, simu inajibiwa usiku na mchana, mgonjwa anabaki kitandani kwake.

La pili ni "resucitar". Hospitali huuliza kama mgonjwa anataka kufufuliwa moyo ukisimama, na Kihispania hutumia kitenzi hichohicho kwa Yesu kufufuka. Sisi Waswahili tunalijua tatizo hili, maana "kufufua" kwetu pia kuna makaburi yaliyo wazi ndani yake. Nani atasema baba asifufuliwe? Swali likageuzwa: moyo ukisimama kwa sababu ya ugonjwa huu, kukandamiza kifua kutavunja mbavu na hakutarudisha afya, tunapendekeza kifo kiachwe kije chenyewe, akiwa hana maumivu. Kihispania chake ni "permitir la muerte natural". Na isiulizwe kamwe "mnataka tufanye kila kitu?", kwani hakuna mtoto anayeweza kujibu hapana na akabaki mtoto.

La tatu ni "droga". Mofini ikiitwa hivyo ni bangi na kokeni mtaani, iitwe "medicina".

La nne halitamkwi, linasomwa. Lebo ya Kiingereza ikisema "once a day", mara 1 kwa siku, msomaji wa Kihispania anaona "once", ambayo kwake ni 11. Lebo za Kihispania ziombwe kwenye duka la dawa, na muuguzi azisome mwenyewe, kwani hata zilizotafsiriwa na kompyuta huweza kuacha neno hilo hapohapo.

Nyumbani

Chini ya Medicare, huduma ya hospisi inahitaji madaktari wawili kuthibitisha kwamba ugonjwa ukifuata mkondo wake mgonjwa ana miezi 6 au pungufu. Vipindi ni siku 90, tena 90, kisha 60 zinazoweza kurudiwa. Mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote. Hili liliwatuliza watoto wa kiume kuliko maelezo mengine yote, maana walidhani saini ni kufunga mlango. Lililofichika zaidi lilikuwa hofu ya mke: hana karatasi za ukaazi, na wageni wenye vitambulisho wangeingia nyumbani kwake kila wiki. Hakuuliza; ofisa ustawi wa jamii ndiye aliyelitangulia kwa kusema mbele ya wote kwamba hospisi haiulizi uhalali wa mtu yeyote anayeishi ndani ya nyumba. Kama mgonjwa mwenyewe ndiye asingekuwa na karatasi, Medicare isingelipa, na njia ingetegemea sheria ya jimbo.

Maumivu yalichelewa kushikwa kwa sababu mzee alikuwa akijikaza. Kihispania kina neno lake, "aguantar", na mwanamume wa kizazi chake hulibeba kama cheo. Akiulizwa maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10 alijibu 3, akiwa amekunja ngumi. Maswali yaliyofanya kazi ni haya: Usiku uliamka mara ngapi? Ulikaa mezani na wajukuu mpaka mwisho? Unaweza kulala chali? Mke, akiulizwa kando, alisema analala ameketi. Hiyo ni dalili inayojulikana ya saratani ya kongosho, na si 3.

Alianza na mofini ya maji yenye 10 mg katika mililita 5: 5 mg, yaani mililita 2.5, kila saa 4, na dozi ileile ya akiba katikati. Baada ya siku chache hesabu ya saa 24 ilionyesha dozi 6 za ratiba na 6 za akiba, jumla 60 mg. Ratiba ikapanda hadi 10 mg kila saa 4. Dozi ya akiba huwa 10 hadi 20% ya jumla ya siku, hapa 6 hadi 12 mg. Ikachaguliwa 10 ili alama kwenye sirinji iwe moja, kwani familia yenye alama mbili hukosea saa 9 usiku. Sena 8.6 mg, dawa ya kulainisha choo, vidonge 2 kila usiku, ilianza siku moja na mofini. Choo kikifunga, mgonjwa huacha mofini na kusema haimfai.

Hatari kubwa ilikuja kumeza kulipokuwa kugumu, akahamishiwa mofini nzito ya 20 mg kwa kila mililita 1. Sasa 10 mg ni nusu mililita tu. Mtu aliyezoea kuvuta mililita 5 kutoka chupa ya zamani akivuta 5 kutoka mpya, anatoa 100 mg. Kwa hiyo chupa ya zamani iliondolewa nyumbani siku ileile, sirinji ndogo ya mililita 1 ikawekwa alama ya kalamu nyekundu, na binti akavuta dozi mara 3 mbele ya muuguzi kwa maji. Kuuliza "umeelewa?" hakutoshi. Kwa watu waliolelewa kumheshimu daktari jibu ni ndiyo, daima.

Kabatini kulipatikana glibenclamida, dawa ya kushusha sukari, iliyonunuliwa Tijuana, ng'ambo ya mpaka, juu ya dawa ya sukari aliyoandikiwa Los Angeles. Mtu asiyekula tena, sukari yake itaanguka. Zote zikasimamishwa, na vipimo vya kidole vikaachwa isipokuwa akiwa na dalili. Chai ya manzanilla, yaani kamomili, iliendelea. Mwanamke wa mtaani anayekanda watu, "sobadora", alikuwa akija pia. Hakukatazwa, aliombwa akande mikono na miguu na aache tumbo, kwa sababu ya ini lililovimba. Ukikataza, ataendelea kuja, nawe hutaambiwa.

Chakula ndicho kilicholeta ugomvi. Kwa mke, kumlisha mumewe ndiyo kazi aliyobakiwa nayo, na mzee alipogeuza uso kwenye supu ya kuku, watoto wakadai dripu au mpira wa kulishia: "atakufa kwa njaa". Maelezo yalikuwa kwamba mwili unaozimika hauhitaji chakula, na maji ya dripu ambayo hauwezi kuyatumia huishia kwenye miguu iliyovimba na mkoromo kifuani. Lakini maelezo peke yake hayajazi mikono iliyo mitupu. Mke alipewa kazi: kulowesha midomo kwa sponji kila saa 2, vipande vya barafu ya juisi ya embe wakati bado anameza, mafuta ya midomo. Dripu haikutajwa tena.

Padre aliogopwa kwa sababu hiyohiyo ya awali. Watu wazima bado huuita Mpako wa Wagonjwa "extremaunción", wa mwisho, ingawa Kanisa lilirekebisha ibada hiyo 1972 na unaweza kurudiwa. Mzee ndiye aliyemtaka, tena mapema. Hapa ukweli aliokwisha ambiwa ulikuwa na faida ya moja kwa moja: kitubio kinahitaji akili iliyo macho, na Komunyo inahitaji koo linalomeza, hata kwa kipande kidogo na kijiko cha maji. Padre akichelewa wiki moja, unabaki mpako tu. Lakini isidhaniwe kila Mhispania ni Mkatoliki. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta 2022 kwamba 43% ya watu wazima wa Kihispania Marekani walijitambulisha hivyo, kutoka 67% mwaka 2010, na mchungaji wa Kipentekoste hataifurahia picha ya Bikira kando ya kitanda.

Watoto wa kiume walikwisha kuuliza bei ya kusafirisha mwili hadi Zacatecas, pamoja na makaratasi yake: cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa, kibali cha kusafirisha, na muhuri wa ubalozi mdogo wa Meksiko. Walikuwa na hakika. Mzee alipoulizwa alisema azikwe Los Angeles, wajukuu waweze kufika.

Fomu ya POLST, agizo la daktari kuhusu matibabu ya mwisho wa maisha, ile ya karatasi ya waridi, ilibandikwa kwenye friji, mahali wahudumu wa gari la wagonjwa hutazama. Tafsiri ya Kihispania ni ya kusomea. Inayosainiwa ni ya Kiingereza. Juu yake kulikuwa na namba ya hospisi kwa tarakimu kubwa na maneno "piga hapa, si 911" (911 ni namba ya dharura Marekani). Usiku wa mwisho, katika wiki ya 6, mkoromo ulipoanza, mpwa aliyefika jioni hiyo alishika simu kupiga 911. Hakuwa amehudhuria kikao. Binti alimwonyesha friji.

Muuguzi alifika akathibitisha kifo, akamwaga mofini iliyobaki mbele ya mashahidi, jambo ambalo sheria ya 2018 inawaruhusu wafanyakazi wa hospisi kulifanya nyumbani, kisha akauliza kama familia inataka kumvisha mzee wenyewe. Walitaka. Gari la mazishi liliombwa lije baada ya muda wa saa 4. Hospisi inawajibika kuifuatilia familia hadi mwaka 1, na simu ya kwanza ilikuwa imepangwa na kompyuta siku chache baada ya mazishi, jioni. Jioni hizo mke alikuwa kwenye novenario, rozari ya siku 9 nyumbani, nyumba imejaa. Simu ilisogezwa hadi siku ya 11, saa 4 asubuhi, akapigiwa na mtu anayezungumza Kihispania.